Somo la Ndoa: Pesa ya Chama na Amani ya Nyumba



Wanandoa wanaokuja kuketi nami huanza kwa kuuliza habari za watoto, za wakwe, au za mume anayechelewa kurudi nyumbani. Tukiendelea kukaa, chai ikaanza kupoa, ndipo lile neno lenyewe hutoka. Mara nyingi neno hilo ni fedha. Siyo kwamba fedha ni chache tu, kwani hilo wote wanalijua. Taabu ni kwamba fedha hizo chache zimeingia kati ya mume na mke, kama mtu wa tatu aliyelala kitandani mwao.

Katika somo hili tutatazama vikundi na mipango ya kijamii inayosaidia nyumba zenye kipato kidogo kusimama imara: merigoraundi, vikundi vya kuweka na kukopa, SACCO, na hazina za serikali. Tutaona jinsi kila kimoja kinavyofanya kazi. Lakini kwanza niruhusuni niungame kosa langu, maana anayefundisha njia yafaa aseme ni wapi alipojikwaa.

YALIYONIPATA MIMI

Mwaka 2011 mke wangu alikuwa katika merigoraundi ya wanawake kumi na wawili. Kila mwezi kila mmoja alitoa shilingi 1,000, na mmoja wao akapokea shilingi 12,000 zote. Zamu yake ilikuwa mwezi wa nane. Alijua kushona tangu usichana wake, na mwaka mzima alikuwa akisema juu ya cherehani. Alikuwa amekwisha kuiona mahali, iliyotumika, ya bei ya kumfaa.

Wiki ile ile ndugu yangu alibanwa na deni. Nikamwambia mke wangu, "Mama, nipe hizo fedha. Nitazirudisha baada ya mavuno." Akanipa. Mvua ya mwaka ule mnaikumbuka. Mavuno hayakuja, na fedha hazikurudi. Mke wangu hakunigombeza. Alinyamaza, nami kwa ujinga wangu nikadhani kwamba kunyamaza ni kusamehe.

Mwaka 2013, usiku, mtoto wetu wa pili alishikwa na nimonia. Alipumua kwa shida hata mbavu zikaonekana. Mfukoni nilikuwa na shilingi 300. Nikasimama mlangoni nikifikiri nimwamshe jirani gani. Mke wangu akaingia jikoni, akainamisha gunia la mahindi, akatoa mkebe. Ndani yake mlikuwa na shilingi 9,400. Tulikodi gari, mtoto akalazwa, akapona.

Furaha ilipokwisha ikaja aibu. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia una akiba?" Akanijibu bila hasira, "Baba, pesa uliyoijua ulikwisha kuila. Hii hukuijua, ndiyo iliyomtibu mtoto."

Neno hilo sijalisahau. Tangu siku ile nimejifunza kwamba kikundi kizuri chaweza kuiokoa nyumba, lakini hakiwezi kufanya kazi ambayo mume na mke wameikataa wenyewe kwa wenyewe.

MJANE NA CHUPA YA MAFUTA

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, yumo mjane mwenye madeni. Mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hampi fedha. Anamuuliza ana nini nyumbani, naye anajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Elisha anamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Kisha anamwambia ajifungie ndani pamoja na wanawe na kumimina. Mafuta yanajaza vyombo vyote. Mwisho anamwambia auze, alipe deni, na kile kitakachobaki kiwalishe yeye na wanawe.

Muujiza ni wa Mungu. Hata hivyo, tazameni ni kazi ngapi alizopewa mwenye nyumba: kuhesabu alicho nacho, kwenda kwa majirani, kufunga mlango, na kulipa deni kabla ya kula. Hizo ndizo hatua nne za somo letu.

HATUA YA KWANZA: UNA NINI NYUMBANI?

Nyumba nyingi maskini hazijui hesabu yake. Baba anajua alichopata kwenye kibarua, mama anajua alichouza sokoni, lakini hakuna anayejua jumla. Wengine huona haya kuhesabu kwa sababu fedha ni kidogo. La hasha! Mwenye kidogo ndiye anayepaswa kuhesabu zaidi, kwa sababu shilingi 200 zikipotea kwa tajiri hazionekani, na kwa maskini ni chakula cha jioni.

Chukueni daftari la mtoto la mistari. Kwa mwezi mmoja andikeni kila kinachoingia na kila kinachotoka, bila kulaumiana. Sigara iandikwe. Kadi ya simu iandikwe. Kitenge iandikwe. Mchango wa harusi ya jirani uandikwe. Mwisho wa mwezi mtajua mambo matatu: kipato chenu cha kweli, matumizi yasiyoweza kuahirishwa, na kiasi mnachoweza kuweka kila wiki bila kuwanyima watoto uji.

Kiasi hicho ndicho cha kupeleka kwenye kikundi. Msiangalie jirani anaweka ngapi. Anayeweka shilingi 100 kila wiki kwa mwaka mzima ni bora kuliko yule aliyeanza na shilingi 500 akakimbia mwezi wa tatu.

HATUA YA PILI: VYOMBO VYA JIRANI

Kusaidiana si jambo lililoletwa na meli. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba walikuwa na mwethya: leo watu wote shambani kwangu, kesho shambani kwako. Ulaya nako, maskini walipobanwa na wakopeshaji walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1864 huko Heddesdorf, Ujerumani, meya aitwaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwaunganisha wakulima waweke akiba pamoja na kukopeshana wenyewe. Mbegu ile ilienea. Hapa Afrika, chama cha kwanza cha akiba na mikopo cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1955 huko Jirapa, kaskazini mwa Ghana, na wamisionari Wakatoliki.

Hapa Kenya leo mtu mwenye kipato kidogo anaweza kupata vyombo vya namna nne.

1. Merigoraundi. Hiki mnakijua. Kila mmoja anatoa sawa, na mmoja anapokea zote. Uzuri wake ni kwamba unapata fedha nyingi kwa mara moja, ambazo peke yako usingeziweka. Udhaifu wake ni miwili. Wa kwanza, zamu haiji kwa sababu mtoto ameugua. Inakuja siku yake. Wa pili, mtu akipokea mapema kisha akahama, wa mwisho hulia. Ndiyo maana merigoraundi nzuri ni ya watu wanaojuana vizuri, wala si ya watu mia moja.

2. Kikundi cha kuweka na kukopa. Namna hii ya kikundi chenye sanduku ilianzia nchini Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE liliwafundisha wanawake wa vijijini, kisha ikaenea nchi nyingi za Afrika, pamoja na Kenya. Wanachama huwa kati ya kumi na ishirini na watano. Hukutana kila wiki au kila wiki mbili, na kila mmoja hununua hisa, kuanzia moja hadi tano. Bei ya hisa wanaiamua wenyewe. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa watu watatu, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne, hata pasiwe na mtu anayeweza kulifungua peke yake. Kila jambo hufanyika mbele ya wote, na fedha huhesabiwa kwa sauti.

Katika sanduku hilo kuna mifuko miwili. Mmoja ni wa mikopo. Mwanachama hukopa kulingana na akiba yake, mara nyingi asizidi mara tatu ya alichoweka, na hulipa riba iliyokubaliwa na wote. Mwingine ni mfuko wa jamii, wa ugonjwa na misiba. Kila mtu hutoa kidogo, na aliyepatwa na shida husaidiwa. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, fedha zote hugawanywa, kisha kikundi huanza upya.

Tuchukue mfano tupige hesabu. Kikundi kina watu 20, hisa moja ni shilingi 100, na kila mtu ananunua hisa tatu kila wiki kwa wiki 50. Kila mmoja ana hisa 150, yaani shilingi 15,000. Kikundi kizima kina hisa 3,000, yaani shilingi 300,000. Tuseme riba ya mikopo kwa mwaka imefika shilingi 45,000. Siku ya mgawanyo kuna shilingi 345,000. Gawanyeni kwa hisa 3,000: kila hisa sasa ni shilingi 115. Kwa hiyo kila mmoja anakwenda nyumbani na shilingi 17,250. Riba aliyoilipa mwanachama haikwenda mjini. Imerudi kijijini.

Ndugu yake kikundi hiki ni benki ya mezani. Hapo fedha zinazowekwa hukopeshwa siku ile ile juu ya meza, na sanduku hubaki karibu tupu. Faida yake ni kwamba fedha hazilali. Hatari yake ni kwamba mtu akiugua katikati ya mwezi hakuna cha kumpa, isipokuwa mfuko wa jamii umetengwa kando.

3. SACCO. Hiki ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo, kilichosajiliwa kisheria. Hapa wanachama ni wengi, kuna ofisi, na kuna ukaguzi wa hesabu. Mwanachama huweka akiba kila mwezi, na baada ya muda anaweza kukopa mara kadhaa ya akiba yake, akiwa na wadhamini. Mwisho wa mwaka hupata gawio. Kufuatia Sheria ya Vyama vya SACCO ya mwaka 2008, iliundwa mamlaka iitwayo SASRA ya kuvisimamia vile vinavyopokea amana. SASRA hutangaza orodha ya SACCO zenye leseni. Kabla ya kupeleka hata shilingi moja, ulizeni kama jina la SACCO hiyo limo. Anayekasirika kwa kuulizwa swali hilo amekwisha kuwajibu.

4. Mipango ya serikali. Hazina ya Vijana iliundwa mwaka 2006 na Hazina ya Wanawake mwaka 2007, ili kuwafikia watu ambao benki ziliwafungia mlango, na mikopo yao mingi ilipitia katika vikundi vilivyosajiliwa. Tarehe 30 Novemba 2022 ilizinduliwa Hazina ya Hasla, ambayo mtu huomba kwa simu yake. Ilianza kwa mikopo ya shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya mkopo ikatengwa kuwa akiba ya mkopaji. Tena uko mpango wa Inua Jamii, wa ruzuku kwa wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Ruzuku si mkopo. Kama baba au mama yenu mzee anastahili, msione haya kumpeleka kwa chifu akaulize.

Kikundi chenu kikiwa changa, kisajilini katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 imeweka utaratibu. Kikundi kilichosajiliwa kina katiba, kina viongozi wanaojulikana, na kinaweza kufungua akaunti kwa jina lake.

HATUA YA TATU: FUNGENI MLANGO

Mjane aliambiwa ajifungie ndani na wanawe. Nadhani sisi wanandoa tumeisahau hatua hii kuliko zote. Tunazungumza fedha zetu kwenye kikundi, kilabuni, kwa shemeji, kwa mama mkwe. Mahali pekee ambapo hatuzizungumzi ni chumbani mwetu.

Wako wanaume wanaosema, "Chama ni mambo ya wanawake." Lakini siku ya mgawanyo ndio wa kwanza kuuliza ni ngapi. Wako wanawake wanaokopa kwa siri katika vikundi vitatu, wanalipa cha kwanza kwa mkopo wa cha pili, na mume anajua siku wanachama wanapokuja kuchukua viti na godoro. Nimeiona nyumba ya namna hiyo. Mume alisimama uani akitazama meza yake ikibebwa, watoto wakiwa madirishani. Hakumpiga mkewe, lakini alihama chumba. Tulikaa nao jioni nyingi kabla hajarudi. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 28,000. Lililomchoma halikuwa shilingi zile. Alirudia neno moja tu: "Kijiji kizima kilijua. Mimi tu ndiye sikujua."

Tulipomuuliza mke kwa nini alificha, alisema mkopo wa kwanza ulikuwa wa karo. Alimwomba mume mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba hakuna. Alijua zipo, kwa kuwa alimwona akinunua watu pombe. Basi siri ilianza upande gani? Msiharakishe kujibu.

Mnaweza kuniuliza: je, ni kosa mke kuwa na mkebe wake chini ya mahindi? Sitamhukumu, maana mkebe ule ulimwokoa mwanangu. Wataalamu wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya utafiti magharibi mwa Kenya pamoja na wanachama wa vikundi 113 vya merigoraundi, na wakauchapisha mwaka 2013. Baadhi ya wanachama walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, la kuwekea fedha za afya, na ufunguo wakapewa wenyewe. Wangeweza kulifungua wakati wowote. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja matumizi yao katika mambo ya afya yalikuwa yamezidi ya wengine kwa takribani thuluthi mbili. Kwa nini? Kwa sababu shilingi iliyo mfukoni ni ya kila aombaye, na shilingi iliyo sandukuni imekwisha kupewa kazi. Ni rahisi zaidi kumwambia ndugu, "Sina, hizi ni za matibabu."

Kwa hiyo mkebe wenyewe si mbaya. Ubaya ni pale mkebe unapokuwa ukuta kati ya mume na mke. Sisi nyumbani tulifanya hivi. Mkebe ulitoka chini ya mahindi ukawekwa juu ya kabati. Tuliubandika karatasi: UGONJWA. Ufunguo ukabaki kwa mke wangu, kwa sababu historia yetu inajulikana. Nami nikakubali kwamba nikitaka kuugusa nitaomba, na nikijibiwa hapana nitanyamaza bila kununa. Kununa ndiko kulikonisumbua zaidi.

Hapa kuna kanuni tano za mlango uliofungwa:

Kwanza, pasiwe na mkopo ambao mwenzako hajui. Awe mume, awe mke.

Pili, kila mmoja ajue vikundi vyote vya mwenzake, siku za kukutana, na kiasi anachotoa.

Tatu, siku ya kupokea zamu au mgawanyo iamuliwe matumizi yake kabla fedha hazijafika. Fedha ikifika bila kazi, itatafutiwa kazi na wengine.

Nne, kila mmoja awe na kiasi kidogo cha kutumia bila kuulizwa, hata kama ni shilingi 100 kwa wiki. Mtu mzima akiomba hata ya chumvi, moyo wake huvunjika.

Tano, msidhamini mtu bila kukubaliana. Kumdhamini mtu si kuandika jina tu. Ni kusema, "Asipolipa, nitalipa mimi," na huyo "mimi" ni nyumba nzima.

Juu ya nyumba na shamba, jueni pia sheria. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani wala kupangishwa bila idhini ya maandishi ya mume na mke, waliyoitoa wakielewa. Anayekuletea karatasi usiku na kukuambia, "Weka sahihi tu," mwombe asubiri asubuhi, nawe utafute mtu wa kukusomea.

HATUA YA NNE: LIPA DENI, KISHA UISHI

Nabii hakumwambia mjane auze mafuta ale, kisha deni lipate mabaki. Deni lilitangulia. Lakini ili deni lilipike, hapana budi lichukuliwe kwa akili.

Jiulizeni: mkopo huu utazaa? Kukopa shilingi 6,000 kununua kuku wa mayai, au mbolea, au mtaji wa mboga, ni kukopa kunakoweza kujilipa. Kukopa kwa ajili ya sherehe ya ubatizo ili majirani wasiseme, huko hakulipi. Padre hawezi kukataa kumbatiza mtoto wako kwa kuwa hukuchinja.

Kisha hesabuni riba. Vikundi vingi hutoza asilimia 10 kwa mwezi. Ukikopa shilingi 5,000 kwa miezi mitatu, riba ikahesabiwa juu ya fedha zote za mwanzo, utalipa shilingi 1,500 juu yake, jumla shilingi 6,500. Ni riba kubwa, na msiione ndogo kwa sababu ni ya chama. Kinachoipunguzia makali ni kwamba sehemu yake hukurudia siku ya mgawanyo. Ukikopa kwa mkopeshaji wa mtaani au kwenye simu kwa riba kama hiyo, hakuna kinachorudi.

Tena, msikope huku ili mlipe kule. Mkopo wa pili unaolipa wa kwanza ni shimo linalochimbwa ili kufukia shimo jingine. Mkifika hapo, simameni. Nendeni pamoja, mume na mke, mkawaambie viongozi wa kikundi ukweli, mkaombe mpangiwe malipo madogo madogo. Ninavyojua mimi, vikundi humvumilia anayekuja mwenyewe mchana kuliko anayejificha. Mume na mkewe niliowataja walilipa zile shilingi 28,000 kwa miezi kumi na minne, shilingi 2,000 kila mwezi, na mume ndiye aliyezipeleka kwa mkono wake.

KIKUNDI HAKIWEZI KILA KITU

Nisiwadanganye. Kikundi cha akiba hakitamfanya mtu wa kibarua awe tajiri. Kama mvua haijanyesha, sanduku haliwezi kuotesha mahindi. Wako maskini kabisa ambao hata shilingi 50 kwa wiki hawana, nao huona haya kuja. Hao tusiwaambie, "Jiungeni na chama." Hao ni wa kutembelewa na jumuiya, wa kuingizwa katika mipango ya ruzuku, na pengine wa kulipiwa hisa ya kwanza na mtu asiyejitangaza.

Kile ambacho kikundi kinaweza ni hiki: kumfanya mtoto apelekwe hospitali usiku bila kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa, kumfanya mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa karo kila mwanzo wa muhula, na kuwafanya mume na mke walale bila kuogopa mlango ukibishwa. Kwa mtu maskini hayo si madogo.

Na cherehani? Mwaka 2015, siku ya mgawanyo, mke wangu alileta nyumbani shilingi 14,600. Aliziweka mezani mbele yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka minne. Nikazisukuma zikarudi upande wake. Jumamosi iliyofuata tulikwenda pamoja sokoni, nami nikaibeba cherehani mgongoni kutoka stendi hadi nyumbani. Watu walicheka njiani. Sare za shule alizozishona kwa cherehani hiyo zimelipa karo ya watoto wetu wawili.

KAZI YA NYUMBANI KWA MUME NA MKE

Jioni moja wiki hii, watoto wakisha kulala, zimeni redio, kaeni mezani, na mjibu maswali haya kwa zamu. Mmoja akisema, mwingine asikilize hata mwisho.

1. Ni fedha gani ya nyumba hii ambayo mimi naijua na wewe huijui? Kwa nini sijakuambia?

2. Ni vikundi gani tulivyomo, na ni kipi tungepaswa kukiacha au kujiunga nacho?

3. Tukipata ugonjwa usiku wa leo, fedha ya kwanza itatoka wapi?

4. Ni deni gani linalotunyima usingizi? Nani ataenda kuzungumza na mdai, na lini?

5. Je, yuko jirani ambaye hana hata hisa moja? Tunaweza kumsaidiaje bila kumwaibisha?

Kama swali la kwanza likiwa gumu, msilazimishane usiku ule ule. Mume aanze kuungama lake. Mimi nilianza, na nilistahili kuanza.